Historia ya Wazungu Itatufaa Nini? Muhula Mmoja katika Chuo cha Jamii



Swali hili tuliulizwa kwa simu, usiku wa kuamkia siku yetu ya kwanza ya masomo. Aliyeuliza ni mama mzazi wa mmoja wetu, akiwa nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa, ilhali sisi tuko jimbo la Ohio, Marekani, na theluji imefika vifundoni mwa miguu. Alikuwa amesikia kwamba binti yake, ambaye ni mama wa watoto watatu, amejiandikisha chuoni, naye akamshukuru Mola kwa furaha. Alipotajiwa somo lenyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, historia ya Wazungu itakufaa nini? Kwani hujui waliyotufanyia?”

Usiku ule hatukuwa na jibu. Tunaandika makala haya kwa sababu leo tunalo, na kwa sababu tunajua kwamba swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi za pwani ambazo wana wao wako ng'ambo au wanajiandaa kwenda. Wazazi wana haki ya kuuliza, nasi tuna wajibu wa kujibu.

Sisi ni wanawake watano. Wawili ni wazaliwa wa Mombasa, mmoja wa Malindi, mmoja wa Lamu na mmoja wa Vanga. Mdogo wetu ana miaka 22, na mkubwa wetu, ambaye sote twamwita Bibi, ana wajukuu. Baina yetu wamo wanaofanya kazi hospitalini, anayeshona nguo, na anayelea watoto nyumbani. Wanne kati yetu hatukuwa tumeketi mbele ya mwalimu kwa zaidi ya miaka kumi.

Huenda wasomaji wetu wakauliza chuo cha jamii ni chuo gani. Ni chuo cha umma kilichowekwa kwa ajili ya watu wa mahali hapo, ambamo masomo huchukua miaka miwili. Cha kwanza kati ya vile ambavyo vingali vipo ni cha Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901, na leo vyuo vya namna hii ni takriban elfu moja nchini Marekani. Mlango wake uko wazi: aliyemaliza shule ya upili, au aliye na cheti kinacholingana na hicho, huingia pasi na kushindania nafasi. Ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na darasa nyingi huwa za jioni. Mwanafunzi akikamilisha vizio vya masomo takriban 60 hupata shahada ya awali, nayo aweza kuhamia chuo kikuu na kumalizia miaka iliyobaki. Darasani kwetu alikuwamo dereva wa lori, mwanajeshi mstaafu, mama aliyeachwa na watoto wake, na vijana waliotoka shule mwaka ule ule.

Ama kuhusu historia, hatukuichagua kwa mapenzi. Chuo humtaka mwanafunzi, hata anayekusudia uuguzi au uhasibu, achukue masomo machache ya fasihi, falsafa au historia. Somo lililokuwa jioni, siku moja tu kwa wiki, kuanzia saa 12 hadi saa 3 usiku, lilikuwa historia ya nchi za Magharibi katika mwanzo wa usasa, yaani tangu miaka ya 1450 hivi hadi Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Tulilichukua kwa sababu ya saa zake, na ndani yake tukakuta mambo ambayo hatukuyatazamia.

Jambo la kwanza lilikuwa Granada. Sote tulikuwa tumesikia habari za Andalusia katika mawaidha, kwamba palikuwa na Waislamu, elimu na majumba mazuri, kisha yakaondoka. Darasani tulisoma namna yalivyoondoka. Tarehe 2 Januari 1492 mji wa Granada ulikabidhiwa wafalme wa Kikatoliki kwa mkataba ulioahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Haikupita miaka kumi ahadi ikavunjwa. Mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wa Castile waliamriwa wabatizwe au wahame. Mwaka 1567 walikatazwa lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao. Hatimaye, baina ya mwaka 1609 na 1614, watu wapatao 300,000 walifukuzwa Hispania, ijapokuwa wengi wao walikuwa wamebatizwa tangu enzi za babu zao.

Lililotugusa zaidi ni yale waliyoyafanya watu hao kwa zaidi ya miaka mia moja ya kujificha. Wengi wao walikuwa wamesahau Kiarabu, wakisema Kihispania tu. Basi waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, wakanakili dua, hukumu za dini na visa vya Mitume, na vitabu hivyo wakavificha. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, nyumba moja kuukuu ilipobomolewa, chini ya sakafu ya uongo palikutwa shehena ya hati hizo, zimekaa gizani kwa karibu miaka mia tatu. Mwalimu alitwambia kwamba mafunzo mengi ya dini katika zama hizo yalibaki mikononi mwa wanawake, kwa kuwa nyumba ndiyo mahali pekee palipobaki pa kufundishia.

Dada yetu wa Lamu aliinua mkono. Aliwaeleza wanafunzi wenzake kwamba kwao pia Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na kwamba Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa nasaha kwa hati hizo katikati ya karne ya 19. Akasema kwamba nyanya yake ana sanduku la karatasi za namna hiyo, na kwamba katika ukoo mzima hakubaki kijana anayeweza kuzisoma. Hapo sauti ilimkauka. Wahispania hawakufika Lamu kuzipiga marufuku karatasi zile. Sisi wenyewe ndio tulioziacha.

Wiki ya tano ikawa ya safari za Wareno, na hapo ndipo darasa lilipotufika nyumbani. Kitabu cha kiada kilikuwa na sentensi moja tu kuhusu pwani yetu: kwamba Vasco da Gama alipita Afrika Mashariki akapata kiongozi wa chombo wa kumpeleka India. Sentensi moja, kisha msomaji yuko Kalikut. Dada yetu wa Mombasa, yule ambaye mama yake alituuliza lile swali, amekulia mitaa miwili kutoka Ngome ya Yesu. Alisoma sentensi ile mara tatu, akaufunga ule ukurasa, na baada ya darasa akamwendea mwalimu na kumwambia kwa adabu kwamba kitabu kimepita juu ya watu wake kama mtu anayeruka dimbwi la maji.

Mwalimu hakukasirika. Alisema: “Basi ziba pengo. Lakini usinipe hasira peke yake, niletee ushahidi.” Akamwonyesha maktabani maandishi ya watu waliosafiri katika vyombo vile vile vya Wareno, yaliyokwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza. Tukagawana kazi. Kwa majuma mawili tulikutana jikoni kwa Bibi, watoto wamelala, chai ya maziwa mezani, tukisoma.

Tuliyoyakuta yalikuwa mazito. Shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama yaeleza kwamba alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, na kwamba, kwa kuwashuku watu wa mji, aliwahoji mateka Waislamu wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini. Mwandishi wa shajara alikuwa mmoja wao, wala halisimulii jambo hilo kwa kujitetea. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, karibu na pwani ya India, aliikamata merikebu iliyokuwa ikirudi na mahujaji kutoka Makka, akaiteketeza na mamia ya waliokuwamo. Mreno aliyeshuhudia aliandika kwamba kina mama walisimama juu ya sitaha wakitoa dhahabu zao na kuwainua watoto wao wachanga ili waonewe huruma. Huruma haikuonwa. Bibi aliposikia hayo aliinuka, akaenda kutia udhu, akasali rakaa mbili, kisha akarudi akasema tuendelee.

Lakini hati zile zile zilikuwa na jambo jingine, nalo lilimhusu dada yetu wa Malindi. Siku chache tu baada ya kutoka Mombasa, Vasco da Gama alipokewa Malindi kwa ngoma na zawadi. Sultani wa Malindi alikuwa na uhasama na Mombasa, akaona katika wageni wale rafiki wa kumsaidia. Yeye ndiye aliyempa Mreno kiongozi wa chombo wa kuvuka hadi India. Tangu zamani tumekuwa tukiambiwa kwamba kiongozi huyo alikuwa Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari wa Oman, lakini wanahistoria wengi wa leo wanaikataa habari hiyo, na wanasema yaelekea alikuwa mtu wa Gujarati. Mnara wa Vasco da Gama ungali umesimama Malindi, na dada yetu alipokuwa mtoto alipelekwa kuutazama na shule yake, akapigwa picha mbele yake akitabasamu.

Hapo kikao cha jikoni kiliharibika. Wa Mombasa alisema neno kuhusu watu wa Malindi ambalo hatutalirudia hapa. Wa Malindi akajibu kwamba watu wa Mombasa wamezoea kujiona. Mambo ya zaidi ya miaka 500 yakawagombanisha wanawake wawili ambao juma lililotangulia walikuwa wakipokezana kulea watoto. Mmoja wetu alipendekeza tuiache habari ya Malindi, tuandike ukatili wa Wareno peke yake, kwa kuwa wasomaji wa darasani ni wageni, na aibu ya nyumbani haitolewi nje.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Alitukumbusha kwamba katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu ametuamuru tuwe mashahidi waadilifu, japokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. “Mkificha la Malindi,” alisema, “basi na kile kitabu kilichoruka Mombasa msikilaumu.” Hatukuwa na la kumjibu. Insha iliandikwa na mambo yote mawili ndani yake.

Na kwa kuwa tulisoma hadi mwisho, tulifikia barua. Mwezi wa Agosti 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliivamia Mombasa, likaitia moto na kuipora. Baada ya Wareno kuondoka, sultani wa Mombasa alimwandikia sultani wa Malindi, hasimu wake, kumweleza yaliyowafika: kwamba walioingia mjini hawakumsaza mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mdogo, na kwamba harufu ya maiti ilikuwa kubwa hata yeye mwenyewe hakuthubutu kuurudia mji wake. Barua hiyo imetufikia ndani ya masimulizi ya safari yaliyoandikwa na mtu wa upande wa wavamizi. Dada yetu wa Malindi ndiye aliyeomba kuisoma mbele ya darasa. Alipomaliza alisema: “Barua hii waliandikiwa watu wetu.” Kisha akarudi kuketi kando ya mwenziwe wa Mombasa, naye akamshika mkono. Tangu siku hiyo tuliwasikia wakigombana juu ya mengine, lakini si juu ya hilo.

Wazazi wengine huhofia kwamba kijana akisoma historia ya Magharibi atatoka amepumbazwa na ukubwa wa Wazungu. Sisi tuliyoyaona ni kinyume chake. Aliyeisoma kwa ukamilifu hukuta watu waliokuwa wakitafuta njia kwa taabu, wakikosea na kuumizana. Baada ya Martin Luther kuanza kulipinga kanisa la Roma mwaka 1517, Wakristo wa Ulaya walipigana wao kwa wao kwa zaidi ya miaka mia moja, na vita vya miaka 30 vilivyokwisha mwaka 1648 viliacha sehemu kubwa za Ujerumani zimekuwa mahame. Mtu aliyesoma hayo hadanganyiki kirahisi akiambiwa kwamba fitina ni ugonjwa wa Waislamu peke yao.

Luther huyo huyo alitupa fundisho jingine bila ya kukusudia. Mwaka 1542 mpiga chapa mmoja wa mji wa Basel, Uswisi, alitiwa gerezani kwa kujaribu kuchapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kilatini. Luther aliwaandikia wakuu wa mji akitaka kitabu kiruhusiwe, nacho kikatoka mwaka 1543. Hakufanya hivyo kwa kuupenda Uislamu, kwani yeye aliupinga waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kumjibu asiyemjua. Tulijiuliza: ikiwa aliyetupinga aliona lazima asome habari zetu, sisi tuna udhuru gani wa kutosoma habari zao?

Kisha likaja somo ambalo kina mama darasani walilipenda kuliko yote. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya, aliandika barua kutoka Edirne akieleza namna kina mama wazee wa huko walivyowakinga watoto na ndui. Walichukua usaha kidogo wa ndui nyepesi, wakautia katika mkwaruzo wa ngozi, mtoto akaugua siku chache, akapona, asiugue tena. Yeye mwenyewe ndui ilikuwa imemharibu uso. Alimkinga mwanawe wa kiume kwa njia hiyo kule Istanbul mwaka 1718, na mwaka 1721 akamkinga binti yake London. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 70 kabla ya Edward Jenner kujaribu chanjo yake mwaka 1796. Bibi alipandisha mkono wa nguo yake, akawaonyesha vijana kovu la chanjo ya ndui aliyochanjwa akiwa mtoto. Wengi wao hawakuwa wamepata kuliona kovu la namna hiyo.

Katika barua zake Lady Mary alistaajabu pia kwamba wanawake wa Kituruki walikuwa na mali zao wenyewe. Staajabu hiyo ilikuwa na sababu. Nchini Uingereza mke hakupewa haki kamili ya kumiliki mali yake mbali na mumewe hadi sheria ya mwaka 1882, ilhali sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke haki hiyo tangu karne ya 7. Tulijivuna, ndiyo. Kisha mdogo wetu akauliza ni wangapi miongoni mwa mama na shangazi zetu waliopewa fungu lao la mirathi bila kudai, na kujivuna kukapungua.

Tusije tukawadanganya wasomaji kwamba muhula ulikuwa mwepesi. Dada yetu wa Vanga aliacha katika wiki ya saba, kwa kuwa zamu za usiku hospitalini zilimshinda. Aliacha kwa utaratibu, kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa, hivyo rekodi yake haikuharibika, na muhula uliofuata alirudi akamaliza. Ramadhani nayo ilituangukia katikati ya masomo. Tulimweleza mwalimu mapema, akaturuhusu kutoka kidogo adhana ya magharibi ilipofika, tukafuturu kwa tende na maji ukumbini na kusali. Wiki ya pili yake yule dereva wa lori alituletea tende alizonunua mwenyewe.

Kwa familia zinazotafakari njia hii, tunasema machache. Msimtume binti au mwana akasome bila kujua habari za kwao, kwani atakayeulizwa darasani na asiwe na jibu ndiye atakayetahayari. Wasimulieni wanenu habari za miji yenu, na kama kuna karatasi sandukuni, tafuteni anayezisoma angali hai. Mwanafunzi mwenyewe na amweleze mwalimu mahitaji ya ibada yake tangu wiki ya kwanza, asingoje mtihani. Akutanapo na jambo linalomuumiza, na atafute ushahidi kabla ya kusema, na akishaupata asinyamaze. Na mama aliyedhani wakati wake umepita, na ajue kwamba Bibi yetu alipata alama ya juu kutushinda sote.

Muhula ulipokwisha tulimpigia simu yule mama wa Mji wa Kale. Binti yake alimsomea ile barua ya sultani wa Mombasa, akiitafsiri sentensi moja moja. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba ameishi karibu na Ngome ile maisha yake yote, akijua ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kwamba Waomani waliwatoa mwaka 1698, lakini hakupata kusikia sauti ya mtu wa mji kabla ya Ngome kujengwa. Kisha akauliza kama aweza kuandikiwa barua ile kwa Kiswahili, ili awasomee wajukuu.

Tumemwandikia. Na hilo ndilo jibu letu kwa swali lake: historia ya Wazungu itatufaa kwa kuwa sisi tumo ndani yake, na asipokuwapo wa kwetu wa kuisoma, tutabaki humo kama sentensi moja.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awarehemu waliotutangulia. Amin.